Masika Yaliyoahirishwa

Nchi ya Sitirika haiko mbali wala haiko karibu. Ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani iko kwenye matengenezo, na hilo ndilo linalonifanya niipende nchi yangu. Kila kitu chake kiko kwenye matengenezo, na kikishaenda huko hakiharibiki tena, kwa kuwa hakirudi.

Nimezaliwa huko, katika Mtaa wa Shangwe. Haya nitakayoyasimulia yaliwapata majirani zangu wa ng'ambo ya barabara: Bwana Hemedi Lugome, karani mstaafu wa stesheni ya reli, mkewe, Bi Tatu, na mama mzazi wa Hemedi, Bibi Mwanaidi, ambaye alikuwa ameishi sana na hakuwa na haraka ya kuacha.

Bwana Hemedi alikuwa raia mwema, wa aina ambayo serikali huitamani na majirani huiogopa kidogo. Redio ikipiga wimbo wa taifa alisimama wima hata kama yuko bafuni. Mwaka ule sukari ilipoadimika, serikali ikatangaza kwamba sukari ina madhara. Hemedi akanywa chai chungu na kuisifu. Sukari iliporudi madukani, serikali ikatangaza kwamba madhara yamekwisha. Akaitia kwenye chai, akashukuru. Mkewe alikuwa akimtazama tu juu ya kikombe.

Basi siku moja Mtukufu Kiongozi alipita angani juu ya mtaa wetu akirejea kutoka safari. Akachungulia dirishani, akauliza, "Ile kahawia kule chini ni nini?"

Wakamjibu, "Ni mapaa ya wananchi, Mtukufu. Yana kutu."

Mtukufu hakusema kitu. Kwetu Mtukufu akisema jambo, huundwa kamati. Akinyamaza, huundwa wizara. Ndege haijatua, Wizara ya Sura ya Nchi ilikuwa imekwisha kupata waziri, Mheshimiwa Dokta Lwambano Kisusi, na waziri alikuwa amekwisha kupata mradi: Ukarabati Mkuu. Mapaa yote yenye kutu yangeezuliwa na kuezekwa upya kwa mabati ya buluu.

Mradi ulihusu upande mmoja tu wa barabara, upande wa akina Hemedi, kwa sababu Mtukufu hukaa dirisha la kulia. Sisi wa upande wa kushoto tulilalamika kwamba tumebaguliwa, tena tukatuma wajumbe. Mungu humnusuru mja na mengi anayoyalilia.

*

Kazi ilipangwa ifanyike kiangazi. Lakini kwanza ilibidi ipatikane buluu. Wataalamu waligawanyika: wapo waliotaka buluu ya mbingu na wapo waliotaka buluu ya bahari, na pande zote mbili zilisafiri nje kwenda kujifunza. Waliporudi, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani.

Watu wa hali ya hewa, ambao kwetu huombwa ushauri baada ya uamuzi, walisema masika yako mlangoni. Baraza la Mawaziri likakaa. Kuahirisha mradi kungeonekana udhaifu. Kwa hiyo likaahirisha masika.

Tangazo lilisomwa redioni kwa sauti tulivu: "Wananchi wanaarifiwa kwamba masika ya mwaka huu yameahirishwa hadi Ukarabati Mkuu utakapokamilika. Yeyote atakayedai kuona mvua kabla ya hapo atahesabiwa kuwa mzushi."

"Umeona serikali inavyofikiria mbele?" Bwana Hemedi alimwambia mkewe.

Bi Tatu alikuwa anaanua nguo haraka haraka, maana upepo ulishabadilika harufu.

*

Siku ya kuezua alikuja Afisa Ukarabati, Bwana Pantaleo Ngonde, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akiongoza kundi la mafundi. Kabla ya adhuhuri paa lote la akina Hemedi lilikuwa chini. Ili kazi isirudiwerudiwe, wakang'oa na madirisha, wakabomoa na ukuta wa jiko ili litanuliwe.

Bi Tatu alisimama katikati ya sebule yake akatazama juu, akaona mbingu, kisha akamtazama Afisa.

"Na hilo paa jipya liko wapi, Bwana Afisa?"

"Liko njiani, mama."

"Si mngengoja lifike ndipo muezue hili?"

Afisa akatabasamu kama mwalimu mvumilivu. "Mama, huwezi kumvisha mtu shati jipya kabla hajavua la zamani."

"Lakini mtu havui shati nyumbani ndipo aende dukani kifua wazi."

"Mke wangu, usimchoshe Afisa," Hemedi akaingilia. "Hawa watu wamesomea."

Mafundi hawajamaliza kukusanya ngazi zao, tone la kwanza likamwangukia Afisa kwenye kipara. Likafuata la pili. Kisha ikashuka mvua ile ya kwetu, isiyobisha hodi. Vumbi la ukuta wa jiko likageuka tope, tope likaingia chumbani kutafuta mahali pa kukaa.

Afisa alipuliza filimbi. "Mtulie! Msitaharuki! Hii si mvua. Ni unyevu wa kupita!"

Bibi Mwanaidi alikuwa kitandani chumbani kwake, ameshajifunika kanga mpaka kichwani. Akainua upande mmoja wa kanga.

"Baba," alisema, "mimi nimeijua mvua kabla hiyo serikali yenu haijazaliwa. Na hii ni mvua."

Hemedi akamshika Afisa mkono, akamvuta pembeni. "Umsamehe mama yangu. Ni mtu mzima sana. Anachanganya mambo."

Afisa akasamehe, kwa mara hiyo. Akaondoka mbio akiwa amejifunika begi kichwani.

*

Ndipo yakaanza maisha ya ukarabati, na napenda yajulikane kwamba wananchi walishirikiana na serikali kwa moyo mmoja.

Kwa mfano, mwavuli haukukatazwa. Ulibadilishwa jina tu, ukaitwa mwavuli wa jua. Watu wawili wakikutana barabarani, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, mmoja alisema, "Jua kali leo, jirani," na mwenzake akajibu, "Kali sana, linatiririka." Tukazoea. Mtu huzoea.

Mafundi nao walifika kila asubuhi bila kukosa. Wasingeweza kupanda juu, kuta zilikuwa zinateleza. Wasingeweza pia kusema kazi imesimama kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo Afisa Ngonde aliripoti wizarani kwamba kazi imesimama kwa sababu ya jua kali, na wizara, ambayo ina huruma, ikawaletea kofia pana na pipa la maji ya kunywa. Walikaa barazani kwangu, upande wenye paa, wamevaa kofia zao, wakicheza bao huku wakilitazama pipa linavyojazwa na mbingu. Walijaribu mara moja kupiga lipu ukuta wa jiko. Ile waliyoipiga asubuhi waliikuta jioni imehamia bustanini. Mifuko ya saruji iliyopangwa uani ililowa na kuganda, kila mfuko ukawa jiwe lenye jina la kiwanda.

Ndani, Bi Tatu alihama na kitanda cha Bibi kutoka kona hii kwenda kona ile. Alitandaza nailoni juu yake, akaifunga kwenye misumari ya ukutani. Afisa alipokuja kukagua akaiona.

"Mnajikinga na nini?"

Hemedi alifungua mdomo. Bi Tatu akamtangulia. "Na jua."

"Sawa," akasema Afisa. "Ila msijikinge sana. Itaonekana vibaya."

Ile nailoni haikudumu. Upepo uliichana ukaenda nayo. Mkaa haukuwaka tena. Chura mmoja alihamia ndani ya jiko la mkaa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfukuza. Bi Tatu akawa anapika kwangu, pamoja na mke wangu, kisha anavuka barabara na sufuria kichwani. Wali ulitoka kwangu ukiwa wali, ukafika kwao ukiwa uji. Siku moja Hemedi aliula, akasema serikali imewapunguzia kazi ya kutafuna. Bi Tatu siku hiyo aliweka kijiko chini, akatoka, akasimama uani palepale kwenye mvua mpaka mke wangu alipokwenda kumchukua.

"Sijui nimeolewa na mtu au na redio," alimwambia mke wangu.

*

Bibi Mwanaidi akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi kidogo. Kisha kikateremka kifuani kikakaa huko, kikawa kinasikika mpaka kwangu. Tabibu wa zahanati alikuja, akampima, akasema mgonjwa ahamishiwe mahali pakavu haraka. Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa sheria Bibi alikuwa tayari mahali pakavu.

Mimi na mke wangu tukaandaa chumba. Tukaenda na machela ya kamba kumchukua. Afisa Ngonde akatuzuia mlangoni, na lazima niseme kwamba alizungumza nasi kwa adabu.

"Ndugu zangu, fikirini. Bibi kizee anabebwa na machela kuvushwa barabara. Mtu akiona atasema nini? Atasema huyu ni mhanga. Mhanga wa nini, na maafa hakuna? Isitoshe, nyumba ya mradi ikiachwa na mwenyewe inahesabika imetelekezwa, na iliyotelekezwa ni ya serikali."

"Tunamhamisha mgonjwa, hatuhami sisi," Bi Tatu akasema.

"Leo mgonjwa, kesho wazima. Ndivyo uasi unavyoanza."

Tukamgeukia Hemedi. Alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa ndani ya maji. "Afisa anasema kweli," alisema polepole. "Mradi unakaribia kwisha. Tuvumilie."

Bibi mwenyewe akatuita kutoka ndani. "Waacheni. Mimi nyumba hii niliingia kwa harusi. Sitoki kwa sababu ya filimbi."

Tukarudi na machela yetu.

Kuanzia hapo Hemedi alikaa kando ya kitanda cha mama yake, kutwa, akimshikia mwavuli. Mkono wa kulia ukichoka alihamishia wa kushoto. Redio ilikuwa miguuni pake ndani ya mfuko wa plastiki, ikitangaza kwamba nchi nzima inaota jua. Nilikuwa nimewapelekea uji wa moto nilipomsikia Bibi akimuuliza.

"Hemedi, mwanangu. Inanyesha?"

Matone yalikuwa yanagonga mwavuli kama njugu zinavyokaangwa. Hemedi aliuhamishia mwavuli mkono wa kushoto.

"Ni unyevu, mama."

Bibi akakohoa, akapumzika, akakohoa tena. Kisha akasema bila hasira, "Mimi nilikuzaa una macho mawili."

Hemedi aliinama akaizima redio. Niliweka uji chini nikatoka, maana sikutaka kumwangalia usoni.

*

Tangazo likaja kwamba Mheshimiwa Waziri atautembelea Mtaa wa Shangwe kujionea maendeleo, na kwamba televisheni ya taifa itarusha sherehe moja kwa moja.

Lori likaleta turubai. Nimeona maturubai, lakini lile lilikuwa turubai. Zito, la buluu, la tabaka mbili, halipitishi hata mawazo. Likasimamishwa barabarani mbele ya nyumba ya Hemedi, chini yake likatandikwa zulia, vikapangwa viti vya sponji kwa ajili ya Mheshimiwa, msafara wake na watu wa kamera. Wananchi tuliwekewa kamba, tusimame nje yake. Bi Tatu aliliangalia turubai lile kama mwenye njaa anavyoangalia sinia la pilau linapopelekwa meza nyingine.

Afisa Ngonde akamteua Hemedi atoe neno la shukrani. "Wewe ndiye raia wa mfano," akamwambia. "Utasema nyumba yako ni kavu na mnashukuru. Maneno machache."

Afisa alipoondoka, Bi Tatu alimwambia mumewe, "Nenda kashukuru. Sikukatazi. Lakini kabla hujaenda, ingia ukamwangalie mama yako."

Akaingia. Hatukusikia sauti yoyote ila kile kikohozi. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la zamani la stesheni, lenye vifungo vya shaba, limelowa na kushikamana mabegani. Akapita kati yetu bila kutusalimu, akaenda kusimama mahali alipoelekezwa.

Mheshimiwa Dokta Kisusi alihutubia vizuri sana. Mvua ilikuwa inaunguruma juu ya turubai hata akalazimika kupaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wako wanaosema kuna mvua. Nawauliza: mvua ni nini? Mvua ni mtazamo! Mwenye mtazamo mbaya hulowa popote alipo. Mwenye mtazamo mzuri huwa mkavu hata mtoni! Maadui zetu wanataka tulowe. Nasema hatutalowa! Nimesimama mbele yenu hapa. Nitazameni! Je, nimelowa?"

Tukamtazama. Kwa kweli hakuwa amelowa. Tukapiga makofi, na makofi ya mikono iliyolowa yana sauti kama ya samaki kamongo akipigwa kwenye jiwe.

Hemedi akaitwa. Akainama mbele ya Waziri, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, nimesikia na nimeamini. Mimi ni mtu wa kuamini, mtaa mzima unanijua. Ila kuna jambo moja linanitia hofu kwa ajili ya serikali yangu. Ni hili turubai."

Afisa Ngonde akaigusa filimbi yake.

"Watu wote nchini wanatutazama hivi sasa," Hemedi akaendelea, kwa sauti ileile aliyokuwa akitangazia treni. "Mzushi akiona Mheshimiwa yuko chini ya turubai atasema: kama mvua hakuna, Waziri amejificha nini? Neno hilo likisemwa mimi nitaumia sana. Naomba kwa unyenyekevu, kwa heshima ya serikali, turubai liondolewe."

Mbingu iliendelea kusema.

"Turubai ni la jua," Afisa akasema kwa haraka.

"Ndiyo, Bwana Afisa. Na jua hilohilo linawapiga hawa ndugu zetu tangu asubuhi. Mheshimiwa ametufundisha leo kwamba mwenye mtazamo mzuri huwa mkavu hata mtoni."

Nimeishi na Hemedi mtaa mmoja miaka mingi, na mpaka leo siwezi kuapa kama alikuwa anakejeli. Uso wake haukuwa na mkunjo hata mmoja. Mheshimiwa aliutafuta mkunjo huo, hakuuona. Akaitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

"Liondolewe," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Sijapata kuona kazi ya serikali ikifanywa upesi vile. Tulivuka kamba, tukafungua kamba, tukang'oa nguzo. Mafundi wakatupa kofia zao wakaja kusaidia. Mheshimiwa hakuweza kuondoka, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kukiri, basi akaendelea na hotuba. Karatasi zake zikalegea mikononi kama mboga. Rangi ya nywele zake ikaanza kumshukia shingoni, nyeusi, ikaingia kwenye kola. Aliposema "anga letu ni angavu," alikuwa amefumba macho.

Nyuma yake sisi tulikuwa tunalivusha turubai juu ya uzio. Tukalipandisha juu ya kuta za akina Hemedi, tukalikaza kwa kamba kwenye miti ya uani. Afisa Ngonde alikuja akikimbia, miguu ikimteleza.

"Linapelekwa wapi hilo?"

"Tunalitunza, Bwana Afisa," Bi Tatu akamjibu. "Lisije likaharibiwa na jua."

Ndani, kwa mara ya kwanza tangu ukarabati uanze, hapakudondoka kitu. Bi Tatu alimbadilisha Bibi nguo, akamfunika blanketi kutoka kwangu. Hemedi alikaa kitandani miguuni pa mama yake, bado na koti lake.

"Inanyesha, mama," akasema.

"Najua," akasema Bibi, akageukia ukutani akalala.

*

Bibi alipona, taratibu, kwa uji, mvuke wa majani na ukavu. Lakini taifa liliugua.

Kila mtu alikuwa ameitazama ile sherehe. Tangu siku ile, kila mkoa aliokwenda kiongozi, alisimama mwananchi mmoja mnyenyekevu akaiogopea heshima ya serikali, na turubai likaondolewa. Mawaziri wakapata mafua. Mkuu wa mkoa mmoja alihutubia mpaka akapoteza sauti, na watu wake wakasema ni hotuba yake bora kuliko zote. Baraza la Mawaziri likakaa tena, wakipiga chafya, likafikia uamuzi wa busara.

"Serikali, kwa huruma yake," redio ikatangaza, "imeruhusu mvua. Masika yaanze mara moja. Shughuli zote za ujenzi zinasitishwa kwa ajili ya usalama wa wananchi, mpaka mvua hizi zitakapotangazwa kwisha."

Siku hiyo hapakuwa na wingu. Masika yalikuwa yamekwisha, udongo umeanza kupasuka, na kuku wa Bi Tatu walikuwa wanaoga vumbi. Kwa kuwa sasa mvua ilikuwepo kisheria, wizara ilileta lori kuchukua turubai lake, maana Mheshimiwa alilihitaji. Nyumba ya akina Hemedi ikabaki wazi tena, na sote tulijua kwamba vuli haitakuja kwa kuahirishwa wala kwa kuruhusiwa. Itakuja yenyewe.

Mabati yao ya zamani, yale ya kutu, yalikuwa yamelundikwa nyuma ya ofisi ya mtaa, yakisubiri mgeni rasmi wa kuyatupa. Asubuhi moja Bwana Hemedi alikwenda kuyachukua. Hakuomba ruhusa. Alibeba bati la kwanza kichwani akapita nalo katikati ya barabara, na mimi nilipoona hivyo nikaenda kubeba la pili, akafuata mke wangu, wakafuata mafundi. Bi Tatu alishika ngazi. Bibi Mwanaidi alitolewa uani kwenye kiti, akawa anatuonyesha upande gani unavuja tangu zamani.

Afisa Ngonde alifika Hemedi akiwa ameshafunika chumba cha mama yake. Afisa alikuwa amevaa koti refu la mvua na mabuti ya mpira, na jasho lilikuwa linamchuruzika kidevuni. Akapuliza filimbi.

"Bwana Hemedi! Unafanya nini huko juu mvua yote hii? Shuka, utalowa!"

Tuliacha kazi tukatazama juu. Hemedi hakuwahi kumwacha mtumishi wa serikali bila jibu maishani mwake. Aligeuka, akamtazama Afisa kwa muda, akaitazama na mbingu. Kisha akainua nyundo, akagongelea msumari mpaka ukazama.

"Bwana Hemedi! Mimi nazungumza na wewe!"

Nyundo ikagonga tena.

"Mwache tu, Bwana Afisa," Bi Tatu akasema, bila kuachia ngazi. "Ana misumari mdomoni."